Watoto wa Bi Mkubwa: Idi yuko stendi na begi

*Kikundi cha familia kwenye simu, Jumanne usiku, Novemba 2025*

Idi: Asalam aleykum familia, shikamooni wakubwa. samahani naandika usiku, kuna mtu humu anajua mambo ya kaunsili, yani halmashauri ya mji huku England? mama kaniambia mwisho wa mwezi niwe nshahama, leo tumegombana nimetoka na begi niko stendi ya basi. nina pauni 23 na betri asilimia 31

Mama Mkubwa Rukia (London): Waaleykum salaam mwanangu. Stendi saa hizi na baridi yote hii? Umekula?

Idi: nimekula chipsi mama mkubwa. nimekaa ndani karibu na mashine za tiketi sio baridi sana

Mjomba Seif (Muscat): Haya ndo mambo ya huko Ulaya. Mama anamtoaje mtoto wake nyumbani usiku? Mwana yumo humu kikundini anasoma, aseme. Sisi tulilala tisa chumba kimoja pale Malindi na hakuna aliyetolewa

Mama Mkubwa Rukia: Kaka Seif tafadhali. Mtoto kwanza, lawama hazichachi zitangoja. Farida yuko wapi, hii ndo kazi yake

Farida (Luton): Niko mama, nlikuwa nalaza watoto. Idi skiza mdogo wangu, weka simu kwenye mwanga mdogo betri isiishe afu nijibu kwa ufupi. Una miaka 21 si ndio? kibali chako cha kukaa ni cha aina gani

Idi: nimetimiza 21 mwezi wa tisa. nina kile cha kudumu, nlikuja na miaka 7

Farida: Alhamdulillah. Nimeanza na hilo kwa sababu mtu mwenye viza iliyoandikwa hana haki ya pesa za umma akienda kuomba benefiti anaweza kujiharibia, huyo lazima apate ushauri kwanza. Wewe uko sawa. Sasa, kaunsili umeshaenda au bado

Idi: nimeenda jana. dada wa mapokezi kaniambia wewe kijana mzima huna mtoto hupewi kipaumbele, rudi siku ukiwa huna pa kulala kabisa. nikaondoka

Farida: Hapo ndo wengi wanapopotezwa na mie roho inaniuma kila nikisikia. Sio sheria hiyo Idi. Kuna Homelessness Reduction Act ya 2017, sheria ya kupunguza watu kukosa makazi, imeanza kazi Aprili 2018, inasema kama ndani ya siku 56 utakosa pa kukaa basi kaunsili inatakiwa ikusaidie SAIVI usifike huko kwenye kukosa, na ukishakosa inakusaidia tena kutafuta, hata kama wewe ni kijana mmoja huna mke huna mtoto. Hicho kipaumbele kinahusu kupewa pa kulala kwa dharura wakati wanachunguza. Kusikilizwa, kufunguliwa faili na kuandikiwa mpango wako kwa karatasi hakuhitaji kipaumbele, unapata tu. Mama kakwambia mwisho wa mwezi, zimebaki siku ngapi, kumi na nane? basi uko ndani ya 56 mara tatu

Hamadi (Glasgow): Huku kwetu hawaulizi habari ya kipaumbele kabisa, si aende tu akadai

Farida: Hamadi huko Scotland walishaifuta tangu mwisho wa 2012, yeye yuko England. Usimchanganye, akienda kusema hayo dirishani watamrudisha mara ya pili

Hamadi: Sawa dada nimekuelewa

Mjomba Seif: Natuma pesa saivi alale hoteli. Nyie mnaongea sheria mtoto yuko stendi

Farida: Mjomba Allah akulipe, leo itafaa, lakini wiki ijayo je? Afu Idi jambo kubwa kuliko yote, usije ukasema "nimeamua kuondoka". Mtu akiacha mwenyewe nyumba ambayo angeweza kuendelea kukaa, kaunsili inaweza kusema kajitakia na hapo msaada unapungua sana. Wewe umeambiwa uhame, sema hivyo hivyo kama ilivyo. Na watampigia mama simu kuuliza, wanampigia mzazi kila mara, kwaiyo mama mdogo Mwana kama unasoma nakuomba kwa heshima, wakikupigia sema ukweli na tarehe yako, usilegeze kwa aibu na usizidishe kwa hasira

*(kimya dakika sita)*

Simu ya Bibi (Unguja): Ni Mwajuma naandika. Bibi kaamka, nimemsomea yote. Anauliza dawa za Idi za kifafa kazichukua kwenye hilo begi?

Idi: zipo bibi

Simu ya Bibi (Unguja): Anasema kahesabu ziko ngapi

Idi: kumi na mbili. za siku sita

Farida: Ngoja. Idi. Kaunsili uliwaambia una kifafa?

Idi: hawakuniuliza

Farida: Ya Rabbi. Bibi mpeni pole ya kuamshwa na mumbusu mkono, kauliza swali ambalo mie nlitakiwa kuanza nalo. Mara ya mwisho kuanguka lini

Idi: mwezi wa nane

Farida: wapi

Idi: kazini ghala. nlianguka karibu na mkanda wa mizigo, nkaamka mfanyakazi mwenzangu kaniwekea koti chini ya kichwa. tangu siku hiyo hawaniiti shifti kama zamani. nlikuwa napata siku nne tano, saivi siku moja kwa wiki au hakuna. mwezi uliopita nimepata 180 basi. sikumwambia mama

Mwana (Mama Idi): Idi. Mwezi wa nane ulinambia umejikata mdomo na mlango wa gari

Idi: sikutaka uogope

Mwana (Mama Idi): Kaka Seif umeuliza nijibu, najibu. Miezi miwili nazidiwa humu ndani na sina wa kumwambia kwa sababu kila mtu kwetu anaona nimeshafika Uingereza nimeshatajirika. Barua ziko juu ya friji zimepangwa. Ya kwanza inasema mwanangu kaacha koleji kwaiyo si mwanafunzi tena na ile asilimia 25 nlokuwa napunguziwa kodi ya kaunsili kwa kuwa mtu mzima peke yangu imeondoka, na wameanza kuihesabu tangu mwezi wa saba nadaiwa nyuma. Ya pili imekuja alipotimiza 21, wamekata pauni 93 na senti kwenye pesa ya serikali ninayosaidiwa kodi ya nyumba kila mwezi kwa sababu wanamhesabu yeye mtu mzima anachangia. Wakati hachangii, analala mpaka saa sita mchana, nkimuuliza kazi ananyamaza. Nlidhani mvivu. Wallahi nlidhani kaniona mie mama yake ni duka. Na wadogo zake wawili viatu vimetoboka. Leo nimepiga kelele nikasema maneno ambayo mama hasemi. Siyo kwamba simtaki.

Mama Mkubwa Rukia: Mwana mdogo wangu. Mbona hukunipigia

Mwana (Mama Idi): Ningekwambia nini dada, wewe mwenyewe unalipa kodi ya London

Mjomba Seif: Mwana nisamehe. Nimesema bila kujua

Farida: Mama mdogo nimekusoma. Barua hizo nazijua zote mbili, ya pili inaanza mtoto akifika 21, chini ya hapo hawakati, ndo maana imekuja ghafla baada ya siku yake ya kuzaliwa, na ofisi hazimwelezi mtu, zinakata tu afu nyumba nzima inageukiana. Nimeona familia ngapi zinavunjika kwa 93 hizi. Sasa nifanyie hesabu moja. Idi umeomba Universal Credit, ile pesa ya serikali ya mwenye kipato kidogo?

Idi: si mpaka uwe na nyumba yako?

Farida: HAPANA. Unaiomba ukiwa kwa mama, ukiwa hosteli, hata ukiwa huna anuani, jobsenta (ofisi ya kazi) wanakuelekeza utumie anuani gani. Chini ya miaka 25 kiwango cha mwaka huu wa 2025/26 ni pauni 316.98 kwa mwezi, wa 25 na zaidi anapata 400.14, mie siioni haki yake maana mkate haukuulizi umri, lakini ndivyo ilivyo. Kwenye mshahara wanakata senti 55 kila pauni. Umepata 180, wanatoa 99, unabaki na 217.98 juu ya mshahara wako. Jumla unashika karibu 398. Hapo ukimpa mama 100 lile shimo la 93 limeziba na bado una nauli na simu

Mwana (Mama Idi): Kwani angeweza kupata hiyo tangu mwezi wa tisa?

Farida: Angeweza mama mdogo. Lakini siku iliyopita hairudi, mara nyingi wanahesabu kuanzia siku ulioomba, kwaiyo aombe KESHO asubuhi sio wiki ijayo. Malipo ya kwanza yanakuja baada ya wiki tano. Katikati hapo anaweza kuomba advansi (pesa ya mbele), ila jamani advansi ni deni, wanaikata pole pole mpaka miezi 24, asichukue yote wanayompa kwa sababu tu wamempa. Na kwenye fomu aandike kifafa, asikifiche

Hamadi: Na akitaka chumba chake benefiti inalipa kodi?

Farida: Inalipa kwa kiwango cha chumba kwenye nyumba ya kushirikiana, ndo wanavyompimia mtu mmoja chini ya miaka 35, isipokuwa wachache kama waliolelewa na serikali mpaka wafike 25. Kwaiyo asipoteze muda kutazama fleti, atafute chumba. Deposit, yani pesa ya amana ya chumba, aulize kaunsili, kuna zinazosaidia kijana kuilipa

Idi: dada Farida kwa hiyo kifafa kinanipa kipaumbele?

Farida: Sikuahidi mdogo wangu. Hawatoi kwa jina la ugonjwa. Mahakama ya Juu ilisema 2015 kwamba wanakulinganisha na mtu wa kawaida akikosa nyumba, je wewe utadhurika zaidi yake? Kwaiyo ukienda usiseme "nina kifafa" ukanyamaza. Eleza. Kukosa usingizi kunakuletea kuanguka au hakukuletei?

Idi: kunaniletea. daktari aliniambia ndo sababu kubwa. mwezi wa nane nlikuwa nimefanya shifti mbili za usiku mfululizo

Farida: Basi hayo ndo maneno, sema na useme vile vile ulivyoniandikia na lile koti chini ya kichwa. Nani anapata usingizi stendi? nani atakuwekea koti pale? Beba karatasi ya dawa, barua ya hospitali, na mwombe GP, daktari wako wa mtaa, akuandikie. Wakikukatalia waambie naomba jibu kwa maandishi, ukishapata una siku 21 kuomba waangalie upya. Na Shelter, shirika la kusaidia wasio na makazi, wana laini ya bure 0808 800 4444, Citizens Advice wa kutoa ushauri nao wapo, hupambani peke yako

Mama Mkubwa Rukia: Haya sheria nimezisikia zote. Leo analala wapi? Treni ya mwisho ya kuja kwangu bado ipo, sofa ipo

Farida: Mama, akilala kwako siku mbili si neno, ila akihamia London kesi inachanganyika, kaunsili ya kwao inaweza kusema makazi yake sasa yako kule. Pale kwao ndo kaishi miaka yote

Mwana (Mama Idi): Haendi London. Idi uko mlango gani wa stendi

Idi: mama sitaki ugomvi mbele ya watoto

Mwana (Mama Idi): Watoto wamekaa kwenye ngazi wanakungoja wamekataa kulala. Nimeuliza mlango gani

Idi: wa upande wa soko

Mwana (Mama Idi): Basi namba 7 inapita dakika 11. Panda. Nakungoja kituoni. Pesa ya kaka Seif usiiguse tutanunulia umeme

Mjomba Seif: Nimetuma tayari. Na ya viatu vya watoto imo

Simu ya Bibi (Unguja): Bibi anasema Idi avute kofia masikioni. Halali mpaka asikie umefika

*Alhamisi jioni*

Idi: shikamooni. nimerudi kaunsili leo, mama kaja na mimi kaomba ruhusa kazini. nimesema vile dada Farida alivyonifundisha, yule wa mapokezi akataka kuturudisha nikamwambia naomba hilo jibu kwa maandishi, akaenda ndani akatoka na mwingine. tumekaa nae saa nzima

Farida: Kakuandikia mpango?

Idi: kaniandikia, huu hapa kurasa nne. mama amekubali nikae mpaka mwisho wa Januari, imeandikwa tarehe. wao wanatafuta chumba na wataangalia habari ya deposit, mimi natakiwa nilete barua ya GP. na kama mambo yakiharibika kabla ya hapo nirudi siku hiyo hiyo, kaandika nina kifafa na kaandika la usingizi

Farida: Safi sana. Hiyo tarehe na hilo la usingizi ndo dhahabu, piga picha kila ukurasa nitumie na mie nihifadhi. Universal Credit?

Idi: nimeomba jana saa tatu asubuhi. jobsenta wamenipa miadi Jumatatu. advansi nimeomba 150 tu

Mama Mkubwa Rukia: Mashallah. Na kazini?

Idi: bado naogopa kuwaambia. dada Farida kasema tutaongea kwa simu Jumamosi kuhusu kupunguziwa shifti kwa sababu ya ugonjwa

Farida: Ndio, hiyo tusiiandike humu kwa haraka, ina mambo yake

Simu ya Bibi (Unguja): Bibi anauliza dawa ya usiku

Idi: nimekunywa bibi, mama kanisimamia. nimepata na nyingine za mwezi mzima

Mwana (Mama Idi): Farida mwanangu na hii ya kodi ya kaunsili, ulinambia kwa simu kuna punguzo lingine la mwenye kipato kidogo, naanzia wapi? Barua naipiga picha saivi nakutumia, ukurasa wa nyuma maandishi madogo sana sijui kama utayaona