Jarida la hi-fi: ungetaka likuambie nini kabla hujatoa hela?

mzee_wa_sebule
Wakuu habari za jioni. Nina ndugu yangu yuko Uingereza, kila akirudi Dar ananiletea majarida ya zamani ya vyombo vya muziki, What Hi-Fi? na Stereophile, nayasoma yote hadi matangazo, ila nikimaliza najua spika imepewa nyota tano na sauti yake ni "tamu", basi, sijui kama amp yangu (mashine ya kukuza sauti) itaiweza na sijui italiaje kwenye sebule ya tailizi na madirisha ya aluminiamu. Sasa kuna mdau ananishawishi tuanzishe kajarida ketu ka Kiswahili, hata PDF ya kurushiana wasapu. Nyie wasomaji mngetaka kukuta nini ndani? Msiseme bei tu, bei lazima iwepo.

fundi_transista
Mimi fundi, nataka namba zilizopimwa sio zilizobandikwa kwenye boksi. Unakuta sabufa imeandikwa PMPO wati 12,000, ukigeuza nyuma inakula umeme wati 60, hizo elfu 12 zinatoka wapi, kwa mganga? PMPO haina kipimo kinachoeleweka, kila kiwanda kinajiandikia. Chukueni amp muitwishe mzigo, yaani rezista badala ya spika, wa omu 8 halafu omu 4, mseme inatoa wati ngapi RMS, zile za kweli za mfululizo, kabla sauti haijaanza kukwaruza.

Halafu sensitiviti ya spika, yaani inalia kwa nguvu kiasi gani kwa wati ileile, ndo watu hawaiangalii kabisa. Spika ya desibeli 92 na ya 86, ili zilie sawa hiyo ya 86 inataka wati mara nne. Mtu ana kiamp cha wati 20 ananunua ya 86 kisa nyota tano, anafika home anazungusha voliumu hadi mwisho, twita (vile vispika vya sauti nyembamba) zinaungua, ananiletea mimi na anataka bei ya kishkaji. Na mfungue kifuniko mpige picha ndani, tuone transfoma na kapasita, na IC (chipu) waliyoweka kama mtaani inapatikana.

besi_gita
Fundi sikatai ila namba peke yake hapana mkuu. Kuna mhakiki mmoja, J. Gordon Holt, alianzisha Stereophile Marekani mwaka 1962 kwa sababu hiyohiyo, magazeti ya wakati ule yalikuwa yanapima tu na kila kitu kinatoka kizuri, yeye akasema kifaa kikae kisikilizwe. Mpaka leo mhakiki anaandika alichosikia na vipimo vinawekwa pembeni, kuna wakati vinagombana wazi kabisa na mi hapo ndo napapenda.

Ila msikilize kwa mziki wetu bana!! Sio kila siku piano na mwanamama wa jazi. Weka rumba niambie kama solo na ridhim zinatengana au zimekuwa uji, weka taarab yenye ganuni na fidla, weka singeli ile ya biti zaidi ya 200 kwa dakika, besi yenye kuvimba hapo inaachwa nyuma unasikia ngurumo tu.

binti_wa_santuri
Hamjambo. Mie niko Mombasa, nataka kurasa za mitumba, kwa sababu vyombo vingi vizuri huku vyaja vikiwa vimetumika. Mtu ananunua amp ya Japani, kule umeme ni volti 100, aichomeka kwenye 240 moshi watoka papo hapo. Na mashine ya santuri ya Marekani ndo balaa, transfoma itakushushia volti lakini haibadilishi hezi (umeme wabadilika mara ngapi kwa sekunde), kama mota ni ya AC ya hezi 60 basi kwa hizi 50 zetu santuri ya 33 yazunguka kama 28, mwimbaji asikika ana usingizi. Haya sijaona gazeti la kizungu likiyaeleza, wao hayawahusu.

Na msisahau foamu za pembeni ya spika, huku pwani joto na unyevu zaoza zikawa unga. Nitajieni zenye raba.

kwa_mtoro_hifi
Kuhusu sebule, mzee, kabla hujabadili spika toa hizo ulizosukumia kwenye kona, tandika kapeti kati yako na spika, weka pazia zito. Kwenye chumba cha tailizi hiyo inabadili sauti kuliko waya wa laki mbili. Jarida likiweza liandike kila riviu chumba kilikuwaje.

Swali langu ni moja, nani atalipa? Maana kama vifaa mnaazimwa na muuzaji na muuzaji huyohuyo anatangaza ukurasa wa nyuma, tutaona nyota tano mwaka mzima. Mimi nataka nione neno USINUNUE walau kila toleo. Nunueni wenyewe dukani, mkimaliza mviuze humu.

mzee_wa_sebule
Nimekuelewa kwa_mtoro, matangazo ya wauza vifaa hatuchukui, tutachangishana. Toleo la kwanza nafikiria sabufa tatu za chini ya laki tatu, zipimwe na zisikilizwe kwenye sebule yenye tailizi. Fundi mzigo wa omu 8 unao?

fundi_transista
Ninao, na osiloskopu ninayo. Ila hizo sabufa nyingi spika zake ni omu 4 na kuna nyingine 3, nipe kwanza majina kabla hujanunua, nijue mzigo wa omu ngapi unahitajika.