Ulinganisho: Anayeanza kunyoa kwa wembe wa kukunja aanzie wapi?

Kidevu Kipya

Ndugu zangu, nimeamua kuachana na nyembe za kutupa na kujifunza kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja. Nimekutana na njia tatu, na kila moja ina watetezi wake: kununua kishikio kinachochomekwa nusu ya wembe wa kawaida wa pande mbili, kununua wembe mpya wa chuma kizima pamoja na vinoo, nikajifunza kunoa na kunyoa kwa pamoja, au kutafuta wembe wa zamani na kuufufua mwenyewe. Naomba mnilinganishie kwa kuzingatia ugumu wa kujifunza, si gharama peke yake.

Kinyozi Mstaafu

Mimi ninapendekeza kishikio cha kuchomeka. Kila unapobadilisha wembe unaanza na ukali uleule, kwa hiyo ukijikata unajua kwamba kosa ni la mkono. Hakihitaji kinoo wala ukanda wa ngozi wa kusugulia makali, na kwa anayenyoa watu mbalimbali hakina mshindani kwa usafi, kwa sababu kila mtu huwekewa wembe wake.

Kinoo Laini

Kwa heshima zote, Mzee, hoja ya usafi naikubali, lakini huyu ndugu ananyoa uso wake mwenyewe. Nusu wembe ni nyembamba na kishikio chake ni chepesi, hivyo hukata ngozi mara tu pembe inapopotea kidogo, ilhali wembe kamili una uzito wa kutosha kufanya kazi bila kusukumwa. Aliyezoea kimoja atalazimika kuuzoeza mkono upya akihamia kingine.

Njia ya pili ndiyo ninayoihofia zaidi. Mtu anayejifunza kunoa na kunyoa kwa wakati mmoja hana kipimo: uso ukimuwasha, hawezi kujua kama makali hayakukamilika au kama aliulaza wembe vibaya. Ipo njia ya nne ambayo hukuitaja, nayo ni kununua wembe mmoja mzuri ambao tayari umenolewa na mtu anayeijua kazi hiyo, ukajifunza kwanza kunyoa na kuutunza kwa ukanda wa ngozi. Makali hayo ndiyo yatakayokufundisha maana ya ukali, na baadaye utakapogusa kinoo utajua unatafuta nini. Usiamini tu maandishi ya kwenye boksi yanayodai kuwa wembe uko tayari kunyoa, kwani nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa bado zinahitaji kinoo.

Ndevu Ngumu

Naunga mkono njia ya nne, ila nyembe za zamani zisidharauliwe. Zile za Solingen, Ujerumani, na za Sheffield, Uingereza, nyingi ni za chuma kizuri sana. Tatizo ni kuchagua. Wembe wenye vishimo vya kutu karibu na makali, wenye ufa, au uliopinda kiasi cha kuyumba ukilazwa juu ya kioo bapa, uachwe hata kama mpini wake unapendeza. Zile nene zisizochimbwa ubavuni, yaani ambazo pande zake hazikubonyezwa ndani ili kuzipunguzia unene, pia si za mwanafunzi, kwa sababu kinoo hulazimika kula chuma kingi kabla ya kuyafikia makali.

Kidevu Kipya

Nimeelewa. Je, wakati wa kunoa ukifika, ninahitaji vinoo vingapi?

Kinoo Laini

Vichache kuliko unavyodhani. Namba ya kinoo ikipanda, kinoo huwa laini zaidi. Kazi kamili huanza na kinoo cha namba 1000, kinachounda miteremko miwili ya makali, mmoja kila upande wa wembe, hadi ikutane barabara. Hufuata cha 4000 au 5000, kisha 8000, na wengine humalizia na 12000. Hatua ya kwanza ndiyo inayoamua yote, kwa maana miteremko isipokutana urefu wote wa wembe, vinoo laini vitang'arisha tu chuma ambacho hakikati. Lakini wembe uliokwisha kunolewa vizuri huhitaji kinoo cha kumalizia pekee pale ukanda unapokuwa hauurudishii tena ukali.

Pembe haibuniwi na mkono. Unalaza mgongo na makali kwa pamoja juu ya kinoo, na unene wa mgongo ndio unaoweka pembe, jambo linaloufanya wembe uwe rahisi kunoa kuliko kisu cha jikoni, ingawa wengi hawaamini. Wembe husogezwa makali yakitangulia, bila kukandamiza, na kinoo chenyewe lazima kiwe bapa, kwa kuwa kilicholika katikati huharibu kazi yote.

Kwenye ukanda wa ngozi mwendo ni kinyume: mgongo hutangulia, na unapogeuza wembe mwishoni unaubingirisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Ukanda uvutwe ukakaze, maana ukilegea huviringisha makali. Mapito kati ya 30 na 60 kabla ya kila kunyoa yanatosha, na mwendo wa kasi hauongezi chochote ila hatari ya kuukata ukanda.

Kinyozi Mstaafu

Kwa uso wake mwenyewe, basi, nakubali njia ya nne. Naongeza la kunyoa tu: aanze na mashavu pekee, kidevu na shingo amalizie kwa wembe wake wa kutupa mpaka mkono utulie. Ndevu zilainishwe kwa maji moto na povu zito, ngozi ivutwe kwa mkono wa pili, wembe uinuliwe kwa takriban nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, na ufuate uelekeo wa ndevu zinavyoota. Ncha achague ya mviringo. Ile ya mraba huchoma sikio kabla hujaiona. Akimaliza, aukaushe wembe kabisa, hasa kama si wa chuma kisichoshika kutu.