Kitongoji kimya nje ya London: mtu wa Mombasa atakiweza?

Ummu Salma, Mji wa Kale

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mume wangu ni muuguzi, na tangu mwaka jana anafanya kazi katika hospitali moja ya Surrey, kusini-magharibi ya London. Sasa vibali vyetu vimetoka, mimi na watoto wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 4, na Inshallah tutasafiri mwezi ujao. Amepata nyumba karibu na Woking, kwenye mtaa ambao anausifu kwa neno moja tu, kwamba ni kimya. Kila akinipigia simu ya video namwomba atoke nje anionyeshe, nami naona nyumba, miti, nyasi zilizokatwa na magari yaliyoegeshwa, lakini mtu simwoni.

Mimi nimezaliwa na kulelewa Kuze, ambako ukuta wa jirani ndio ukuta wako, na kabla jua halijachomoza unajua nani ameamka, nani anachoma mahamri na nani hasemi na mumewe. Sikusudii kuuliza habari za baridi, maana hizo nimeshaelezwa hadi zimenichosha. Nataka kujua kimya hicho ni cha namna gani, watu wenyewe wako wapi, na mwanamke ambaye kwa miezi ya mwanzo hatakuwa na kazi anaipitishaje siku yake.

Mwana wa Kibokoni

Wa aleykum salaam, dada yangu. Huu ni mwaka wangu wa tisa Surrey, na swali lako ndilo nililojiuliza wiki ya kwanza nikiwa nimesimama dirishani. Watu unaowatafuta wako kwenye treni. Reli ilifika Woking mwaka 1838, wakati ambapo stesheni ilisimama katikati ya nyika, na mji unaouona leo ulijengwa baadaye kuifuata stesheni hiyo. Treni ya haraka inakufikisha Waterloo, katikati ya London, kwa muda wa kama nusu saa, kwa hiyo mwenye kazi ya ofisini huondoka saa moja asubuhi na kurudi saa moja usiku, na mchana kutwa nyumba yake hukaa kama sebule ya wageni, imepangwa vizuri na haina mtu. Tangu korona wengi huenda ofisini siku mbili tatu tu kwa wiki, hata mwaka 2021 ikaanzishwa tiketi ya msimu ya safari za siku 8 ndani ya siku 28 kwa ajili yao. Lakini usidhani kwamba anayebaki nyumbani amebaki kibarazani; amebaki mbele ya kompyuta, na mlango ameufunga.

Kimya hicho kinalindwa na sheria pia. London imezungukwa na ukanda wa kijani, yaani mashamba na misitu isiyoruhusiwa kujengwa ovyo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1938, na mwaka 1955 serikali ikazihimiza halmashauri nyingine za nchi kutenga kanda kama hizo, ili miji isitambae mpaka ikashikana. Ndiyo sababu ukitoka mji mmoja unapita malisho ya farasi kabla ya kuingia mwingine, na ni moja ya sababu kodi ya nyumba itakutoa machozi.

Kuhusu majirani, nikupe kisa changu. Idi yangu ya kwanza nilipika mahamri na mbaazi, nikampelekea mama wa nyumba ya pili sahani iliyofunikwa kitambaa. Alishukuru sana mlangoni, hakunikaribisha ndani, na siku ya pili nikaikuta sahani kizingitini, imeoshwa ikang'aa, tupu, na juu yake kadi ya shukrani. Nililia, nisikufiche. Kwetu sahani hairudi tupu, hata kama ni ndimu mbili utazitia. Miezi mingi ilipita nikimsalimu kwa kutikisa kichwa tu, mpaka nilipolazwa hospitali siku tano kwa uzazi, nikarudi na kukuta mapipa yetu ya taka yametolewa barabarani kwa siku yake na kurudishwa, vifurushi vyetu amevipokea, na majani mlangoni ameyafagia. Hakuja kumtazama mtoto mpaka nilipomwalika, tena kwa kumtajia siku na saa. Hodi ya ghafla huko si adabu. Mtu akisikia mlango unagongwa bila miadi hudhani kuna habari mbaya.

Siku yenyewe ndefu au fupi inategemea mwezi. Mnamo Desemba watoto hutoka shule kama saa tisa na robo, na Magharibi inaingia kabla ya saa kumi. Unarudi nao mkiwa mmevaa makoti, mnafika, na usiku umeshaingia. Mnamo Juni jua linazama baada ya saa tatu za usiku, na kumlaza mtoto kukiwa kweupe ni vita. Saa hizi za mchana, ukitaka kusikia sauti ya binadamu, nenda maktaba. Wana saa ya nyimbo kwa watoto wadogo, na hapo ndipo nilipopata shoga wangu wa kwanza, Mpolandi, ambaye naye alikuwa akilia dirishani kwake.

Mzee wa Tudor

Mwanangu, mwenzako amekueleza vizuri, ila mimi sitakipamba kimya kile. Nilikaa miaka sita katika mji mdogo wa Hertfordshire, kaskazini ya London, na mke wangu hakuuzoea hata siku moja. Mwaka wa saba tukahamia Ilford, mashariki ya London, penye maduka ya nyama ya halali, kelele na watu wa kila kabila. Nyumba ilikuwa ndogo zaidi na mke wangu akaanza tena kuimba jikoni. Kwa hiyo usimwamini anayekwambia kwamba kila mtu huzoea.

Jambo ambalo wengi hawalijui kabla ya kufika ni kwamba reli za upande ule karibu zote zimeelekezwa London, kama vile matatu zetu zinavyoelekea mjini hata kama safari yako ni ya kutoka Kisauni kwenda Mikindani. Kwenda London ni rahisi, lakini kwenda mji wa jirani ulio maili nane kando ni shughuli, maana basi ni moja kwa saa, usiku hakuna, na Jumapili mara nyingine hakuna kabisa. Mumeo ni muuguzi, ana zamu za usiku, na hospitali haikujengwa kando ya stesheni ya Waterloo. Gari halina budi. Leseni ya Kenya mtaitumia kwa miezi 12 tangu kuanza kuishi huko, na baada ya hapo haibadilishwi kwa kupeleka karatasi, bali unaanza kama mwanafunzi, mtihani wa maswali kisha wa barabarani. Tunaendesha kushoto kama wao, lakini mimi nilifeli mara mbili kwa sababu sikutazama kioo kwa namna ambayo mtahini angeniona nikitazama. Bima ya mwaka wa kwanza sitaki hata kuikumbuka.

Muulize mumeo swali moja: kutoka mlangoni mpaka dukani, shuleni na stesheni ni dakika ngapi kwa miguu? Ikizidi ishirini, mwambie atafute nyingine.

Baharia wa Likoni

Dada, hakuna aliyekutajia msikiti, na huo ndio ungekuwa wa kwanza kutajwa. Msikiti wa Shah Jahan uko Woking hapohapo, umbali wa kutembea kutoka stesheni. Ulijengwa mwaka 1889 kwa juhudi za Gottlieb Leitner, mwanachuoni wa lugha za mashariki, na ukapewa jina la Begum Shah Jahan wa Bhopal, India, aliyetoa sehemu ya fedha zake. Ndio wa kwanza Uingereza kujengwa tangu msingi kuwa msikiti. Ni mdogo, una kuba la kijani, na umesimama kati ya miti ya misonobari kana kwamba ulipotea njia. Hutasikia adhana ukiwa nyumbani, lakini nenda Ijumaa uone watu wanavyojaa. Ile sauti ya makelele unayoiogopa kuikosa, ya watoto kukimbia na wazee kubishana kuhusu nani ameegesha gari vibaya, ipo pale.

Ummu Salma, Mji wa Kale

Nimesoma yote mara mbili, nami nawashukuru. Nimemuuliza swali la Mzee wa Tudor, akanyamaza kidogo, kisha akasema duka ni dakika kumi na mbili na stesheni ni thelathini na tano. Anatafuta nyumba nyingine iliyo upande wa msikiti. Limebaki moja: huyu wa miaka 4 ataanza shule lini, na je, nitachagua mimi?

Mwana wa Kibokoni

Mtoto huanza darasa la mwanzo mwezi wa Septemba baada ya kutimiza miaka 4. Maombi ya kawaida hufungwa tarehe 15 Januari ya mwaka uleule, na anayefika baada ya hapo huomba kwa halmashauri ya kaunti, nayo humpa palipo na nafasi. Utaandika shule unazozitaka kwa mpangilio, lakini shule nyingi hupima umbali kutoka mlangoni kwako, kwa hiyo usiandike chochote kabla mumeo hajatia saini ya nyumba. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo viweke kwenye mkoba wa mkononi. Na uje na mwiko na kinu chako, maana mimi nimevitafuta kwa miaka tisa.