Panya wamevamia meza yangu ya reli ya Bububu, nisaidieni

GariLaMoshi_Malindi aliuliza:

Asalaam alaykum jamani.

Nina meza ya reli ndogo chumba cha juu, kwenye nyumba ya mawe hapa Malindi, Unguja. Naijenga ile njia ya gari la moshi la Bububu. Vijana wengi hawajui kabisa kwamba kisiwa hiki kilikuwa na gari la moshi: kampuni ya Kimarekani ndiyo iliyotandika reli, likaanza kwenda 1905, kutoka Ngome Kongwe kupita Malindi, kufuata pwani hadi Mtoni na kumalizikia Bububu, maili saba hivi. Abiria walikoma 1922, na reli zenyewe zikang'olewa baadaye. Leo ukipita njia hiyo kwa daladala huoni hata taruma moja, yale magogo yanayolaliwa na reli. Mimi nataka wajukuu wa mji huu waione ikitembea, hata kama ni juu ya meza.

Skeli yangu ni 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Maili saba kwa skeli hiyo zingetaka meza ya mita 130, kwa hiyo nimechagua vipande: Ngome, kona ya Malindi, Mtoni, na stesheni ya mwisho. Reli nimeletewa na ndugu yangu aliyeko Muscat. Yaliyobaki yote ni ya hapahapa. Vilima ni magazeti yaliyorowekwa kwenye uji wa ngano na kukaushwa. Kokoto za reli ni ulezi uliopakwa rangi, maana punje yake ina ukubwa ule hasa unaotakiwa. Minazi nimetengeneza kwa makumbi, mikarafuu kwa makonyo, vile vikonyo vya karafuu.

Tangu masika yaanze wameingia panya. Si wale wakubwa wa mtaroni, ni hawa wadogo wa kijivu. Ulezi wameula kuanzia Mtoni mpaka karibu na Bububu, mataruma yamebaki yanaelea. Kilima cha nyuma ya stesheni wamekitoboa kwa ndani, na nilipokiinua nikakuta kiota cha vipande vya gazeti vilivyochanganyika na pamba ya godoro. Minazi imenyonyolewa. Mikarafuu ya makonyo tu ndiyo hawakuigusa. Chini ya ubao wametafuna nyaya, nyekundu na nyeusi zote mbili, na kichwa cha treni sasa kikifika kona ya Malindi kinasita, kinaruka, kinazimika. Juu ya reli kuna madoa meusi ambayo yanarudi kila nikifuta.

Jirani aliniletea ile gundi ya kutandaza. Kilichonasa ni mjusi wa ukutani, na ilinichukua muda mrefu kumtoa kwa mafuta ya kupikia huku akiwa hai. Gundi sitaki tena kuiona ndani ya nyumba. Sumu nayo naiogopa, watoto wa dada yangu hushinda humu siku za skuli kufungwa.

Sasa wanaojua, niambieni: nawatoaje bila ya kuibomoa meza, na nawazuiaje wasirudi? Ukuta ni wa mawe na chokaa, una nyufa, na dari ni la boriti. Kuziba kila tundu naona kama haiwezekani.

---

PakaWaVuga:

Yakhe, Mji Mkongwe mzima umejaa paka na wewe unalia panya! Chukua mmoja, mlishe samaki, mlaze humo chumbani. Umemaliza kazi.

---

MtuWaMkoani:

Huku kwetu Pemba tunakamua mafuta ya karafuu, ya majani na ya makonyo, harufu yake kali huwezi kuivumilia ukiwa karibu. Umeona mwenyewe makonyo hawakuyagusa. Pakaza mafuta pembezoni mwa meza na kwenye vilima, watahama.

---

FundiWete:

Waalaykum salaam kaka. Mimi natengeneza redio na televisheni hapa Wete, na panya ni wateja wangu wa kudumu, maana nusu ya vitu ninavyoletewa vimetafunwa. Nina na kipande changu cha reli pia, kidogo, ukutani. Basi nitakwambia ninavyofanya.

Kwanza, ndugu yangu wa Mkoani, nakuomba usimwambie mtu wa reli atumie mafuta ya karafuu. Yanayeyusha plastiki iitwayo polistireni. Wanaouza mafuta hayo huyaweka kwenye chupa ya kioo kwa sababu hiyo. Mabehewa, nyumba ndogo, hata lile povu jeupe la kutengenezea milima, mara nyingi ni polistireni. Ukipakaza, utaamka asubuhi nyumba za Mtoni zimelala. Vidonge vya nafthalini navyo vivyo hivyo, mvuke wake unalainisha plastiki ukikaa kwenye chumba kilichofungwa. Na harufu yoyote panya huizoea ikiwa chakula kipo.

Na chakula kipo, kaka. Umewawekea ulezi, uji wa ngano na makumbi ya kutandikia. Panya mdogo anakula gramu tatu nne tu kwa siku, kwa hiyo reli ya ulezi ni ghala kwake. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya mtego wowote. Ng'oa ulezi wote uliobaki. Kokoto tengeneza kwa mchanga wa chokaa uliochekechwa kwa chekecheke mbili, moja ya kutoa vumbi na moja ya kutoa changarawe, uoshe chumvi kwa maji matamu ya bomba, uanike, kisha ushike kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa. Vilima vifanye kwa plasta ya jasi juu ya wavu. Kazi kubwa, naijua, lakini kilima cha uji wa ngano hata ukikijenga upya watakila upya.

Pili, mitego. Ile ya mbao yenye springi, ya kubana. Nunua mingi uiweke yote usiku mmoja. Panya mdogo ni mdadisi, kitu kipya anakiendea siku ya kwanza, tofauti na panya mkubwa anayekikwepa siku kadhaa. Ukitega mmoja mmoja unawapa nafasi ya kuzaana: mimba yao ni kama siku 20, na mtoto wa wiki sita naye anaweza kushika mimba. Tega chini, sakafuni, ukutani, mdomo wa chambo uelekee ukuta, kwa sababu wanatembea wakisugua ubavu kwenye ukuta. Juu ya meza usitege, mtego ukifyatuka unaruka na kuvunja vitu. Chambo kiasi cha punje ya mbaazi: nazi iliyochomwa inafanya vizuri sana, au dagaa aliyefungwa kwa uzi ili asinyakuliwe. Mtego ufunike kwa boksi lenye tundu ubavuni, mjusi, paka na vidole vya watoto visifike.

Tatu, na hili liandike: stiliwaya zile za kusugulia masufuria zinafaa kuziba matundu ya ukutani, lakini usizikate wala kuzisugulia kitu chochote katika chumba cha reli. Zile nyuzi ndogo zinapeperuka, sumaku ya mota ya treni inazivuta, zinaingia ndani na kuunguza mota. Nimeifungua mota ya namna hiyo, haina dawa. Na kwa hewa yetu ya chumvi zinaoza kutu upesi. Tafuta zisizoshika kutu, au wavu wa chuma wa tundu la robo inchi.

Madoa meusi ya kwenye reli ni mkojo wao, unakula madini. Futa kwa kitambaa na spiriti, usitumie msasa mkali. Na mpaka hapo utakapobadilisha nyaya, chomoa transfoma kila ukitoka chumbani. Waya mwekundu na mweusi zikigusana chini ya ubao, transfoma inachemka bila ya wewe kujua, na juu yake una magazeti makavu.

---

DadaWaZamu:

Kaka Malindi, mimi ni muuguzi, nakusihi usikimbilie kufagia. Kinyesi na mkojo wa panya vikikauka na kufagiwa vinakuwa vumbi la kuvuta puani. Fungua madirisha nusu saa kwanza. Vaa glavu na barakoa. Sakafu na miguu ya meza nyunyizia dawa ya kuulia vijidudu, ile ya kung'arishia nguo nyeupe (bleach), sehemu moja kwa maji sehemu kumi, iache ilowe dakika tano, ndipo ufute kwa karatasi na kuitupa kwenye mfuko uliofungwa. Usiichanganye na sabuni ya chooni. Kwenye reli na rangi zako tumia pamba yenye spiriti badala yake. Kile kiota usikishike kwa mkono mtupu, hasa kama una mkato kidoleni. Homa ya mgunda iliyotokea Lindi 2022 inaletwa na bakteria wanaokaa kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia kupitia mikwaruzo na macho.

Kuhusu sumu umeamua vizuri. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya anakufa siku kadhaa baadaye, ndani ya ukuta au ndani ya kilima chako, halafu harufu yake utakaa nayo wiki nzima. Paka akimla panya huyo naye hudhurika. Zile za vifurushi visivyo na jina zinazouzwa barabarani ndizo mbaya zaidi, na mtoto hazitofautishi na pipi. Wazazi wote mnaosoma hapa, msiziingize nyumbani.

---

PakaWaVuga:

Haya, paka simtoi kwenye hesabu, ila mlaze kwenye ngazi, asiingie chumbani. Wangu alipanda kwenye kabati la vyombo mara moja tu, ilitosha.

---

MwashiWaChokaa:

Kaka, nyumba za mawe ndiyo kazi yangu, na naona watu wanaziua kwa kuziba nyufa kwa saruji. Usifanye hivyo. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unavuta unyevu na kuutoa. Saruji inaufungia unyevu ndani, chokaa ya pembeni inakuwa unga, na baada ya masika mawili matatu kibandiko cha saruji kinadondoka na tundu limekuwa kubwa kuliko mwanzo. Panya atakushukuru.

Wala huna haja ya kuziba ukuta mzima. Panya mdogo anahitaji tundu la milimita 6 tu, linaloingia penseli nyembamba, lakini ana njia zake, hapiti popote. Nyunyiza poda ya mtoto kidogo chini ya kuta jioni, asubuhi utaona nyayo zinakoelekea. Mara nyingi ni mahali boriti inapoingia ukutani, paipu ya maji inapopita, na chini ya mlango. Hapo ndipo uzibe: sindilia wavu ndani kabisa, kisha chokaa na mchanga, na ukichanganya vipande vya chupa iliyovunjwa kama walivyofanya mafundi wa zamani hawatafukua tena. Chokaa iwe imelowekwa siku nyingi, usitumie ya mfuko mkavu. Iache ikauke taratibu chini ya gunia bichi. Boriti zenyewe usizizungushie chokaa kwa kubana, acha upenyo mdogo uliozibwa kwa wavu tu, mbao nayo ipumue.

Na meza isogeze mbali na ukuta, shubiri mbili zaidi. Panya mdogo anaruka kwenda juu kama sentimita 30. Kisha vishe miguu ya meza bati laini pana, kama yale masahani yanayofungwa kwenye kamba za meli hapo bandarini kwenu kuzuia panya wasipande. Hakikisha hakuna pazia, waya wala kamba inayoning'inia kutoka mezani mpaka chini, la sivyo bati ni pambo.

---

GariLaMoshi_Malindi:

Allah awalipe nyote. Dada, nilikuwa nimeshashika ufagio niliposoma maneno yako, nikauweka chini.

Nimeinyunyiza poda jana jioni. Nyayo zinatoka pale boriti ya tatu inapoingia ukuta wa uani, zinashuka na waya wa taa, na kuingia mezani kwa kupitia kitambaa nilichokuwa nimefunikia miguu ya meza. Mlango hawapiti kabisa. Kitambaa nimeshakitoa. Ulezi nimeukwangua wote leo, na mitego imo ndani ya maboksi, chambo nazi.

Fundi, mchanga wa chokaa nitauchota wapi ulio safi? Ule wa ufukweni ni mweupe mno, na picha za zamani zinaonyesha njia ilikuwa ya rangi ya udongo. Na nyaya mpya niziweke za unene gani?

Mwashi, hiyo boriti ya tatu ina ufa mrefu kutoka ukutani hadi katikati. Nizibe kabla au baada ya kuwamaliza walio ndani?

---

MwashiWaChokaa:

Baada. Ukiwafungia ndani watatoboa upande mwingine, au watakufa humo humo. Mitego ikikaa wiki nzima mitupu na poda haina nyayo, ndipo uzibe. Ufa wa boriti nitumie picha kwanza, huo si wa panya, tusiuguse kabla hatujajua mzigo wa juu umekaa wapi.

---

FundiWete:

Nyaya kuu mbili za chini ya ubao tumia waya wa milimita mraba 1.5, ile ya taa za nyumba, zipitishe ndani ya paipu nyeupe za plastiki na miisho uizibe. Nyembamba zinazopanda kwenye reli ziwe fupi kadiri uwezavyo, panya hutafuna kinachoning'inia. Mchanga usichukue ufukweni. Omba kifusi cha chokaa ya zamani kwa Mwashi hapo juu, kitwange, ukichekeche, rangi yake ni ileile ya mawe ya mji. Ukipata cha kuzidi, nitengee mfuko mmoja, nitampa mtu wa boti aje nao Wete.