Wiki ya kuvua samoni mto Spey: nimeuziwa mto usio na maji na WALIJUA

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sifichi, leo siku ya tatu tangu nirudi na kila nikifungua imeili yao moyo unanienda mbio. Nimeuziwa wiki ya kuvua samoni kwa flai (ile ndoano nyepesi iliyofungwa manyoya kama mdudu) mto Spey huku Uskoti, pauni 1,150 kwa fimbo moja, yaani mvuvi mmoja, kwa madafu hapo unakaribia milioni nne, na waliouza walikuwa wanajua kabisa mto umekauka. Nimejuaje kama walijua, nafika huko.

Kwa wasiojua mambo ya huku. Mimi nimekulia Mwanza, sato nimevua kwa mshipi tangu sijaanza shule, ziwa ni lako, unakaa kwenye jiwe lako unatupa. Huku kwa samoni hakuna hiyo. Haki ya kuvua samoni ni mali ya mtu, ina hati yake mbali na hati ya shamba, ukikutwa unavua bila ruhusa ya mwenye haki hiyo ni kosa la jinai. Kwahiyo mto umekatwa vipande vipande, wenyewe wanaita biti, kila biti inakodishwa kwa wiki na idadi ya fimbo inahesabiwa. Biti ya maana ina gili wake, huyo ndo mtunza mto na mwongozaji wako, anajua kila jiwe. Na katikati yako na mwenye mto anasimama dalali wa mtandaoni. Malalamiko yangu ni kwa dalali, jina siliweki.

Tangazo lao liliandika "siku saba". Nimeendesha kutoka Aberdeen Jumamosi jioni, Jumapili saa kumi na moja alfajiri nimeshavaa ile suruali ya mpira ya kufika kifuani, fimbo mkononi, nashuka. Gili anakaa jirani, katoka nje na ndala ananipungia mikono yote miwili nisiguse maji. Kumbe sheria ya Uskoti inakataza kuvua samoni Jumapili, na huku kila mvuvi anajua wiki ya samoni ni siku sita, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mtu anayeuza hizi wiki kila mwaka anaandikaje saba? Ningekamatwa mimi mgeni wa watu, sio yeye aliyekaa ofisini na hela yangu.

Sasa mto wenyewe. Picha walizonitumia mto umejaa, maji rangi ya chai ya rangi, povu linazunguka kwenye mawe. Nilichokikuta ni mawe meupe yaliyokaukiwa na mwani, ukiyakanyaga yanapasuka kama ukoko wa ugali. Jumatatu nimevuka mto kutoka ng'ambo hii mpaka ile na maji hayajafika mapajani, Spey huo! Samoni anatoka baharini, anapanda mto mvua ikinyesha maji yakainuka, mto ukiwa chini wengi wanakaa kulekule baharini, mdomoni mwa mto, wanasubiri. Na yule aliyeshaingia mtoni hali tena chakula, anaigonga flai kwa hasira au kwa mazoea tu, ukimkuta kwenye maji ya vuguvugu hata hageuki. Isitoshe huko juu kuna bwawa, Spey Dam, tangu miaka ya arubaini linachepusha maji kupeleka upande wa Fort William kwenye kiwanda cha aluminiamu, kwahiyo kiangazi kikikaza mto unakuwa umeshapungukiwa kabla haujafika kwako.

Na gili. Tangazo: "gili yupo na wewe kila siku". Uhalisia: huyo mzee ana biti mbili, sisi wavuvi wa wiki hiyo tulipewa asubuhi ya Jumatatu na asubuhi ya Alhamisi, basi. Simlaumu hata kidogo. Mzee kakaa mto huo zaidi ya miaka thelathini na asubuhi ile moja ya Jumatatu kanifundisha kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Fimbo ya futi 13 ya mikono miwili, nyuma yako miti imekusogelea mpaka mgongoni, huwezi kurusha mshipi nyuma, ndo maana mtupo usiorusha mshipi nyuma, Spey cast, ulizaliwa kwenye mto huu na unaitwa kwa jina la mto. Unauinua mshipi taratibu, unaulaza juu ya maji pembeni yako, halafu maji yenyewe ndo yanaushika na fimbo inapinda, unaachia. Mimi nilikuwa natumia mabavu. Kanishika kiwiko akakibana kwenye mbavu zangu, akasema acha maji yafanye kazi. Mtupo wa nne au wa tano mshipi ukanyooka wote ukatua bila sauti, flai ndogo nyeusi, Stoat's Tail namba 14, ndoano imebanwa kile kijino chake ili samaki akirudishwa majini asiwe amechanika. Nilikuwa na furaha sana dakika ile. Ndo maana nina uchungu, kitu kizuri namna hii wanakifanyia utapeli.

Jumatano saa nane mchana kipimajoto kikasoma nyuzi 21. Samoni ukimpiganisha kwenye maji ya juu ya 20 anaweza kufa hata ukimrudisha vizuri, kwahiyo tukaweka fimbo chini wote, hakuna aliyebisha. Alhamisi mzee akanichukua mpaka mahali kijito kinapoingia mtoni, akaniambia nilale kifudifudi kwenye nyasi nichungulie. Palikuwa na samoni watatu wamejibana kwenye ule mchirizi wa maji baridi, upana wake hauzidi mlango. Wanene, mgongo umeshaanza kuwa wa shaba, midomo inafunguka na kufunga harakaharaka. Hata kivuli chetu hakikuwashtua. Mzee akanong'ona kwamba hapa mtu harushi flai, hata alipe nini. Tumelala pale labda nusu saa, nikampa mkono, nikaondoka sijawarushia kitu na sijutii. Samaki huyu mwaka 2023 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, walimweka kwa hapa Uingereza kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na mwaka huohuo samoni waliovuliwa kwa fimbo Uskoti nzima walikuwa wachache kuliko mwaka wowote tangu waanze kuweka rekodi 1952.

Sasa hapo ndo nikamuuliza, mzee hii hali imeanza lini. Akasema wiki ya nne hii. Kila Jumatatu anawatumia ofisini kwa dalali kipimo cha maji na cha joto, na wiki mbili kabla sijaja aliwaandikia waache kuuza kwa sasa au wawaambie watu ukweli. Kanionyesha kwenye simu yake ujumbe na tarehe. Mimi nimelipa SIKU SITA BAADA ya ujumbe ule, na siku niliyolipa yule dada wa ofisini aliniandikia "mto uko katika hali nzuri", imeili ninayo.

Kingine, waliniuzia kwa "wastani wa samaki 12 kwa wiki". Ndani ya kibanda cha mtoni kuna daftari la samaki, kila anayepata anaandika siku, sehemu ya mto alikovulia, uzito, flai. Nimekaa nalo jioni nzima. Huo wastani wameuchota miaka ya nyuma kabisa wakati mto bado una samaki. Wiki hii hii mwaka jana fimbo zote za biti waliandika wawili. Mwaka juzi mmoja. Ukurasa wetu hauna kitu.

Najua mtu atakuja kuuliza sasa mkuu pauni zote hizo upate samaki halafu umrudishe majini? Ndio, na ningemrudisha kwa moyo mmoja. Sikwenda kununua nyama. Na sidai hela kwa sababu sijapata samaki, hakuna wa kuahidi samaki, nisieleweke vibaya. Nadai kwa sababu nimeambiwa maji yapo na hayapo, gili yupo na hayupo, siku saba na ni sita.

Nimewaandikia. Jibu lao mistari mitatu: hali ya hewa hatuitawali, kuacha kuvua Jumatano mliamua wenyewe, tunakupa punguzo la asilimia 10 ukilipia mwakani kabla ya Oktoba. Kwahiyo wale samaki watatu ningewarushia ndoano ndo ningekuwa na haki? Nimesoma mara mbili nikatoka nje kutembea.

Punguzo sitaki. Nililipa kwa kredit kadi, na huku kuna sheria ya mikopo ya 1974, kifungu cha 75, manunuzi ya zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000 benki nayo inabeba lawama muuzaji akikudanganya. Jana nimewatumia benki tangazo, imeili ya yule dada, na picha za kurasa za daftari. Ujumbe wa mzee sijauweka mana sitaki aharibiwe kazi, ila bila huo sijui kama hoja yangu ina nguvu ya kutosha. Wakuu mlioko Uingereza ambao mmewahi kudai kwa kifungu hicho kwa jambo la huduma, sio bidhaa, mlipeleka ushahidi gani na ilichukua muda gani? Nijibuni hapahapa, PM sisomi kwa sasa.