Naomba ushauri: muvi ya The Hunt for Gollum imesogezwa mpaka 2027, huyu mdogo wangu nimuanzishie wapi?

Wakuu habari za jioni, niko Moshi huku Pasua. Mimi ni mgonjwa wa muvi za Lord of the Rings, 2024 walivyotangaza kwamba The Hunt for Gollum inatoka 2026 nikaanza kuhesabu miezi, si wakaisogeza mpaka 17 Desemba 2027! Andy Serkis anaongoza na anayeigiza Gollum ni yeye mwenyewe, hapo sina wasi kabisa, ila kusubiri kunaniua jamani.

Sasa ishu ni mdogo wangu, nataka ikitoka awe ameshaiva, maana stori yake inaangukia baada ya bethdei ya mzee Bilbo na kabla Frodo na wenzake hawajaingia mapango ya Moria, mambo ya kwenye Lord of the Rings ya kwanza, yani asipoijua hiyo ya 2001 ataniuliza maswali muvi nzima. Nimuanzishie zile Hobbit tatu za 2012 mpaka 2014, ambazo stori yake inatangulia, au nimpeleke moja kwa moja kwenye Lord of the Rings tatu za 2001 mpaka 2003? Dogo kazoea muvi za kibanda umiza zilizotafsiriwa, ukimuwekea ya masaa matatu watu wanatembea tu milimani anasinzia halafu anakuja kulalamika mbona hawapigani.

Lingine nyie wa Arusha, hiyo tarehe ndo ndugu wa Dar wanapanda huku kula Krismasi, bibi hawezi kunielewa nikisema naenda sinema huko kwenu. Shoo ya usiku ikiisha gari la kurudi Moshi linapatikana kweli, au nivumilie tu mpaka Januari?