Mkutano wa injili uliandika watu 186, sasa Jumapili tuko 14. Wenye uzoefu wa kanisa la kijijini naombeni msaada

mwinjilisti_wa_pori

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote habari zenu. Naomba niandike kirefu kidogo maana hili jambo nimelibeba tangu mwezi wa kumi na moja na huku sina mtu wa kumwambia zaidi ya mke wangu.

Mimi ni mwinjilisti, nimemaliza chuo cha biblia nikapangiwa kijiji kimoja huku Kishapu, ndani kabisa, ukishuka kwenye basi unapanda bodaboda karibu saa nzima na mvua ikinyesha hupiti. Kabla sijafika palifanyika mkutano wa injili siku tano, mwezi wa nane, watu wameshauza pamba wametulia. Timu ilikuja na fuso, jenereta, maspika makubwa, kwaya mbili na mhubiri mgeni kutoka nje na mkalimani wake. Waliokata shauri wakaandikwa kwenye daftari, 186. Jumatatu asubuhi timu ikafungasha ikaondoka, mimi nikakabidhiwa daftari, Biblia kumi na mbili na turubai.

Jumapili ya kwanza walikuja kama sabini, ya pili arobaini, mvua zilipoanza kila mtu akawa shambani, na wengine wameshahama na ng'ombe zao kufuata malisho mpaka huko mbele ya Tabora. Jumapili iliyopita tulikuwa 14 nikijihesabu mimi na mke wangu. Ofisini wanataka ripoti kila mwezi na wanauliza wale 186 wako wapi.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba na lile daftari. Wapo walioandika jina kwa sababu waliambiwa watapewa chandarua, sijui nani aliwaambia. Kuna mzee mmoja ana wake watatu, anataka ubatizo kwa moyo kabisa, naona, lakini kiongozi wangu niliyemuuliza amesema aache wawili kwanza. Yule mzee akaniuliza, "mwalimu, hao wawili niwapeleke wapi na watoto wao tisa?" Sikuwa na jibu. Halafu wazee wengi Kiswahili chao ni cha mnadani tu, nikihubiri wanatikisa kichwa lkn naona hawajapata kitu. Vijana ndio wako kwenye ngoma, msimu wa mashindano hakuna anayebaki.

Naombeni walioishi maisha haya waniambie, mlianzia wapi? Niombe mkutano mwingine au?

mtoto_wa_katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki ila nitachangia kama ndugu, nimekulia upande wa Magu, baba yangu alikuwa katekista, yaani mwalimu wa dini, wa kigango (kanisa dogo chini ya parokia) miaka 31.

Padre alikuja mara moja kwa mwezi, kiangazi kwa pikipiki, masika wakati mwingine miezi miwili hatumuoni. Kwa hiyo Jumapili nyingine zote kanisa ni baba. Kusali, kufundisha wanaojiandaa kubatizwa, kuzika, kupatanisha wanaogombana mpaka wa shamba. Nakumbuka akitoka asubuhi anaenda kwa mtu ambaye hata kanisani haji, ng'ombe wake wamekufa, anakaa naye chini ya mti tangu asubuhi mpaka mchana hata neno la Mungu hajalitaja, wanakula michembe (viazi vilivyokaushwa) anarudi. Mama alikuwa analalamika. Miaka mitatu baadae yule mtu akaja mwenyewe na nyumba yake yote.

Kuhusu lugha nakuomba sana usilipuuze. Salamu za mwangaluka na mwadila tu hazitoshi, jifunze Kisukuma cha kuombea mgonjwa, cha kuzikia, cha kumtuliza mama aliyefiwa. Mtu anasali kwa lugha anayolilia.

Na hao vijana wa ngoma usiwapige vita. Sijui kama umewahi kufika Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la wamisionari la White Fathers, alianza kazi pale miaka ya 1950 akaona Wasukuma ngoma ndio shule yao, ndio redio yao, vile vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wakishindana nchi nzima inajaa. Badala ya kuwakataza akakaa na watunzi wa nyimbo, wakatunga za kanisa kwa Kisukuma, ngoma zikaingia ndani ya sikukuu ya Ekaristi mwezi wa sita, ndiyo mpaka leo inaitwa Bulabo. Hata kanisa lenyewe limejengwa mfano wa nyumba ya mtemi na altare mfano wa kiti cha mtemi, ukiingia unaelewa nani anakaa pale bila kuhubiriwa. Na angalia muda, White Fathers walikuwa Bukumbi, huku huku Usukumani, tangu 1883. Yani ilipita karibu miaka sabini ndio mtu akafikiria hivyo.

Kuna kingine. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki mwaka 1976 waliamua jumuiya ndogondogo ziwe ndio msingi wa kazi, nyumba chache zinasali pamoja katikati ya wiki. Kwa kijiji chako hao 14 tayari ni jumuiya. Acha kusali kwenye turubai, nenda mkasali nyumbani kwao kwa zamu, jirani atasikia.

rabai_yetu

Mtumishi salaam kutoka pwani ya Kenya. Mimi ni mzaliwa wa Rabai, juu hapa ya Mombasa, na nilipoona hiyo 14 nikasema lazima nijibu.

Kwetu ndiko mmisionari Mjerumani Krapf alikuja. Alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwenzake Rebmann akamfuata 1846 wakapanda kuja kukaa Rabai. Rebmann alikaa mpaka 1875, miaka 29 ndugu yangu, akaondoka hapa kipofu akiongozwa mkono. Na baada ya miaka yote hiyo ukihesabu walioamini wa hapa ni wachache sana. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, maskini, akabatizwa akiwa kitandani karibu kufa. Sasa fikiria ripoti ya Rebmann ingekuwaje kwa hiyo ofisi yako.

Lakini kitu watu hawasemi ni hiki. Kanisa hapa lilianza kuchangamka walipokuja Waafrika waliokombolewa utumwani wakasomeshwa India kule Nasik, waliitwa Bombay Africans, kina George David, William Jones na Ishmael Semler. Walikuja miaka ya 1860, halafu Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, ikafunguliwa 1875. Hao walijua maana ya kuuzwa. Mtumwa aliyetoroka shamba la bwana wake akija Rabai usiku alikuta mtu mweusi mwenzake anafungua mlango. Shida ilikuja pia, wenye watumwa walikuwa wanakuja na silaha kudai watu wao. Watu walijazana Rabai kwa sababu palikuwa na mahali pa kukimbilia.

So swali langu kwako, hapo kijijini kwenu nani anakimbia, anakimbia nini, na anaweza kubisha hodi kwako saa nane usiku?

moto_wa_injili

Nasikitika kuona mikutano inasemwa kama kitu kibaya. Mimi niliokoka mkutanoni, uwanja wa mpira, 2004, nilikuwa mlevi napiga mke, usiku ule nikaacha mpaka leo. Bila yale maspika nisingesikia maana kanisani nisingeingia hata kwa kulipwa. Kwa hiyo mtumishi usikate tamaa, omba mkutano mwingine, funga na kuomba, shetani wa eneo hilo bado hajafungwa.

mtoto_wa_katekista

@moto_wa_injili hakuna aliyesema mkutano ni mbaya ndugu yangu na namshukuru Mungu kwa ajili yako. Ila nijibu kitu kimoja, jumatatu baada ya ule mkutano nani alikuja nyumbani kwako?

moto_wa_injili

Mzee mmoja wa kanisa, fundi cherehani. Alikuja kila siku jioni karibu miezi minne. Nimekuelewa.

mama_wa_mtaa

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote, mjukuu ananisaidia kuandika.

Marehemu mume wangu alikuwa mwinjilisti miaka 19, mitaa minne ya kanisa (usharika mdogo wa kijijini) tumehama, watoto wamezaliwa kila mmoja kijiji chake. Nataka niongee na huyu kijana na zaidi na mke wake ambaye hajaulizwa kitu hapa.

Mwanangu lima. Chukua ekari mbili, mtama, viazi, choroko, lima na majirani kwa zamu, leo shamba lako kesho la mwenzako. Sisi mtaa wa pili tulipofika tulikaa mwaka mzima tunasubiri posho kutoka juu, inakuja ya mwezi wa tatu mwezi wa saba, na watu walikuwa wanatuona kama wageni wa serikali. Siku nilipoingia shambani na jembe na mimba ya miezi sita, wanawake wakaanza kuniita jina langu. Kanisa la ule mtaa lilianzia kwenye matuta ya viazi, nasema kweli kabisa, wanawake saba.

Sadaka usiione ndogo. Watu hawana hela, wana vitu. Ibada ikiisha fanya mnada pale nje, yai, kuku, debe la mtama, kishada cha ndizi kama zipo, watu wanacheka wanapandishiana bei na hela inapatikana. Bati za mtaa wetu wa tatu zilinunuliwa kwa kuku na mayai, tulitumia miaka miwili na nusu.

Huyo mzee wa wake watatu. Mimi siwezi kupinga waliosoma. Lakini nilimwona mwanamke aliyeachwa kwa sababu mumewe anataka ubatizo, alirudishwa kwao na watoto wanne, na tangu siku ile hata wimbo wa kanisa akiusikia anaingia ndani anafunga mlango. Mimi ndiye nilimshonea gauni binti yake mdogo. Batiza wale wanawake na watoto kama wenyewe wanataka, na mzee akae kanisani asikilize, apewe kiti kama wazee wengine, asifukuzwe. Mengine muombe wakubwa wako wakae na hilo jambo vizuri, waje wao wenyewe wamuangalie usoni, wasijibu kwa simu.

Na la mwisho linaniuma. Mume wangu alipofariki nilipewa wiki tatu kutoka nyumba ya mtaa kwa sababu mwinjilisti mpya anakuja. Hakuwa amewekewa akiba yoyote popote. Kwenye mazishi walisema alianzisha mitaa minne na watu walipiga makofi. Kijana, andikisha jina lako kwenye mfuko wa jamii hata kwa kidogo unachopata, na kibanda kijengwe kwenu mapema. Mke wako akikuambia amechoka, msikilize siku hiyo hiyo.

mhaya_msomaji

Shikamoo mama. Umesema kitu ambacho kwenye vitabu vya historia hakimo.

Naongezea kidogo tu. Kwetu Bukoba kanisa la kilutheri, watu wengi wanajua wamisionari wa Kijerumani wa shirika la Betheli walikuja 1910. Lakini walipofika walikuta watu tayari wanasoma Injili kwa Kiganda, Wahaya waliokwenda Buganda wakarudi na vitabu, wanakusanyana wenyewe. Hakuna aliyetumwa na ofisi. Na Kilimanjaro, wamisionari Wajerumani wa shirika la Leipzig waliondolewa baada ya vita kuu ya kwanza, 1920, wakaanza kurudi 1925. Katikati hapo walimu wenyeji ndio walishikilia, wengi elimu yao ndogo tu, wanafundisha wanabatizisha wanazika. Nani anawajua majina? Majengo yana majina ya wazungu. Watu wa aina hiyo ndio waliomlea mtu kama Askofu Josiah Kibira wa huku kwetu, ambaye 1977 pale Dar es Salaam akachaguliwa rais wa shirikisho la walutheri wa dunia nzima, Mwafrika wa kwanza.

Na mwinjilisti Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka milima akaenda Mboga upande wa Kongo 1896, akapigwa, akasingiziwa, akafungwa, akarudi tena, akafia huko huko 1933. Alikuwa na jembe na Biblia.

Kwa hiyo ripoti yako iandike hivi hivi ilivyo. 14, na majina yao.

mwinjilisti_wa_pori

Nimechelewa kurudi, mtandao huku mpaka upande kichuguu. Mama shikamoo, mke wangu amesoma uliyoandika mara mbili, amelia, halafu akaniambia kesho tukaombe shamba. Tumepewa ekari moja na nusu na yule yule mzee wa wake watatu, hakutaka kodi, amesema tutamlipia kwa kuwafundisha watoto wake kusoma.

Jumatano tulisali nyumbani kwa bibi mmoja ambaye kanisani anakaa nyuma kabisa haongei. Nilimwomba aombe yeye, kwa Kisukuma. Aliomba muda mrefu sana, alitaja kila mtu aliyekufa njaa ile ya zamani, alitaja ng'ombe, alitaja mtoto wake aliyeenda mgodini Mwadui hajarudi. Mimi nilielewa kama nusu. Wenzangu wote kumi na watatu walikuwa wanaitikia, na dirishani walisimama watu watano ambao sijawahi kuwaona, mmoja ni kijana mpiga ngoma wa Bagalu.

Ripoti nimeituma, nimeandika 14 na majina. Bado hawajajibu. Jumatano hii tunaenda kwa mzee.